Uzi wa Mashati Kwenye Tanga

Kisangani, Alhamisi, Oktoba 1956

Mvua imenyesha tangu alfajiri na kuacha joto la kunata. Sina raha.

Keshokutwa mashua ya Niko, Mgiriki mwenye duka la vitambaa, itapakiwa kwenye meli ya mto hadi Léopoldville. Kutoka hapo ni garimoshi hadi Matadi, kisha bahari, yeye na mdogo wake, mpaka kisiwani kwao. Nafasi nyingine melini haipatikani kabla ya miezi miwili. Kila mtu anaamini mashua iko tayari.

Kila mtu isipokuwa mimi, niliyeshona tanga.

Katika mji huu hakuna mwingine aliyewahi kushona tanga. Nilijifunza Pemba, kabla sijaletwa huku kwa kazi ya cherehani, na ni miaka arobaini sijaonja maji ya chumvi. Niko aliponiomba nilijivuna kama kijana.

Tanga hushonwa kwa mkono, kwa uzi mnene uliopakwa nta. Nusu ya juu niliishona hivyo. Kisha macho yakaanza kunisaliti, na sikutaka mtu ajue. Nusu ya chini nikaipitisha kwenye cherehani, kwa uzi wa mashati.

Hilo sikumwambia mtu.

Jumatatu tulilijaribu mtoni, chini ya maporomoko. Upepo ulivuta, mishono ikashika. Papa Bosongo, mvuvi wa kabila la Wagenya aliyeshika kamba, alinitania: "Mzee Salumu, uso yako iko kama ya mutu wa kilio. Voile, ile tanga yako, inashika, non? Cheka basi."

Niko naye: "Iko bien, papa. Unatafuta nini tena?"

Nikajibu kwamba sitafuti kitu.

Lakini maji ya mto ni matamu. Chumvi ya bahari hukauka ndani ya uzi na kuufanya mgumu, na kila tanga linapojikunja, uzi hujisaga. Ule mnene huvumilia. Huu wa mashati sidhani utapita wiki ya pili, na wiki ya pili ndugu hao watakuwa mbali na nchi kavu. Bosongo hajui hilo, wala Niko, aliyejifunza bahari vitabuni. Nikinyamaza, hakuna atakayenilaumu kamwe.

Hapo ndipo ninapoogopa.

Leo mchana nililichukua tanga nyumbani kwa kisingizio cha kukaza pembe. Ningeweza kwenda moja kwa moja dukani kumweleza. Lakini najijua. Nikienda na maneno matupu, Niko atacheka, ataniita mzee wa wasiwasi, nami nitafurahi kushindwa.

Kwa hiyo nikashika wembe, nikafumua mishono yote ya cherehani.

Mke wangu, aniitaye kwa jina la binti yetu, alisimama mlangoni. "Papa Amisa, ile tanga Mugiriki anaingojea samedi, sasa unaipasua?"

"Sikuishona vizuri. Macho."

"Nilikuwa naona," akasema. "Nilingoja uniombe."

Akaketi, akavuta kopo la sindano, akaanza kuzitunga uzi mnene moja baada ya nyingine. Sasa ziko kumi na mbili, zimechomekwa kwenye khanga yake.

Meli ya Jumamosi itaondoka bila mashua. Kabla duka halijafungwa nitakwenda, vipande vya tanga begani. Nitakalosema ninalo. Sijui tu nitautazamaje uso wake.