Spea Hutembea, Jina la Mteja Hukaa

Jumatatu, mwezi wa saba. Baridi imelalia mabati ya Kawangware tangu asubuhi, jua halijatoka, na mimi silihitaji. Nina moto wa kutosha hapa kifuani.

Nimekasirika. Naliandika neno hilo kwanza, nisije nikasoma baadaye nikajidanganya kwamba nilikuwa mgonjwa tu.

Kalamu nilijifunza kuishika ukubwani, kwa kisomo cha ngumbaru. Mkono wangu ni mzito lakini unafika. Kwa hivyo nitaeleza polepole alichonifanyia Kamau, kitinda mimba wangu, niliyemsomesha kwa spea za magari makuukuu.

Watu wakisikia nauza spea za magari ya zamani hucheka. Wacheke. Gari ambalo kiwanda chake kimeshalisahau likikosa taa au kabureta, mwenyewe huja kwangu. Huleta kipande kilichoharibika, nakitundika ukutani kwa waya pamoja na kadi ya jina lake. Nikikosa cha kumpa, nakibeba kile kibovu hadi kwa wauzaji wenzangu, mtaa wa Satellite au Kibera, nawauliza kama wana ndugu yake. Wao pia huja kwangu hivyo hivyo. Lakini kadi haiondoki ukutani. Spea hutembea, jina la mteja hukaa. Sheria hiyo hakuna aliyetuandikia. Mwenzako akimjua mteja wako, kesho atakuwa mlangoni kwake.

Kamau ndiye aliyetaka kila kadi iwe na namba ya sanduku la posta. "Mathe, biashara siku hizi ni barua." Sawa, nikakubali. Ila wako wateja wasiotaka barua, na kadi za hao nilizifunga uzi mwekundu. Maana yake usiandike; enda kwa miguu, useme na mwenyewe. Kamau alijua. Uzi wenyewe ni yeye aliyeninunulia.

Kadi ya Rael ilikuwa na uzi.

Rael ni mjane, anakaa Soweto West kule Kibera, anashona sare za shule. Mumewe alipokufa, ndugu za mume walibeba kila kitu mpaka viti, wakamwachia gari refu jeusi lililooza. "Hilo bati ni lako, kaa nalo." Akaliweka uani kwa fundi mmoja huku Riruta, akaanza kulifufua kidogo kidogo bila kumwambia mtu. Alitaka kulikodisha kwa maharusi, watoto wake wasome. Na sanduku lake la posta ni la shemeji yake. Barua zote za ukoo huingia humo na shemeji ndiye mwenye ufunguo.

"Shosho," aliniambia, akiniita kama wajukuu wangu waniitavyo, "hata bahasha moja isifike huko."

Nikamwambia alale usingizi.

Sasa, juzijuzi tajiri mmoja wa spea kutoka mjini alituita sisi wauzaji pale Satellite, akatununulia soda na mandazi. Eti tumpe majina ya wateja wetu wote awe anawaandikia yeye, tuwe kitu kimoja. Nilisimama nikamuuliza kama sisi nasi tuje kwake kufunua sufuria za mke wake, tuwe kitu kimoja. Watu walicheka. Nikamaliza soda yangu nikaenda zangu, nikijiona nimeshinda.

Kamau alibaki nyuma.

Aliahidiwa kufanywa ajenti wa Kawangware. Mimi nikiwa kanisani, akazishusha kadi zangu ukutani, akanakili moja baada ya nyingine: jina, sanduku na gari liliko.

Jumamosi Rael alikuja. Nilimsogezea kiti, akakataa. Alikuwa na barua ya yule tajiri, imeshafunguliwa na shemeji. Inamwita mteja mpendwa, inamwambia spea zote za lile gari lake lililo kwa fundi Riruta zipo, aje alimalize. Shemeji alikwenda moja kwa moja Riruta na vijana na kamba. Wamelivuta gari mchana kweupe.

"Nilimwambia nani mwingine, Shosho? Ni wewe tu."

Nikageuka nikaanza kukifuta kile kiti alichokikataa. Mimi! Mimi ambaye majirani hunikimbia kwa maneno.

Jioni nilimkalisha Kamau chini mbele ya mke wake.

"Uzi hukuuona?"

"Niliuona, Mathe. Lakini kwa karatasi yao hakukuwa na mahali pa uzi."

Hakukuwa na mahali pa uzi! Nimezaa mtu mzima mwenye cheti, anaambiwa hapa pana shimo, anapita kwa sababu ramani haikuchora shimo. Nilimtukana mpaka mke wake akatoka nje na mtoto. Sijutii. Sahani yake ya ugali ilipoa na sikuipasha.

Leo sasa. Amekuja fundi nisiyemjua, miguu vumbi tupu. Anatafuta kabureta ya gari refu jeusi. Amezunguka Kibera, amezunguka Satellite, kila muuzaji amemtuma kwangu. Nikamuuliza ni gari la nani.

"Mwenyewe amesema nisimtaje."

Nimecheka mpaka nikakohoa. Kumbe shemeji naye anapenda jina lake litunzwe!

Kabureta ninayo, na bila hiyo lile gari haliwaki. Ile mbovu ya Rael imetundikwa ukutani, na nzima niliyomtafutia iko chini ya kitanda changu, nimeifunga kwa kitambaa, ilikuwa ikimngoja. Sidhani kuna nyingine Nairobi hii. Nimemwangalia yule fundi machoni nikamwambia sina, na asihangaike tena, aende nyumbani akanywe chai.

Shemeji ana bati. Mwendo ninao mimi.

Nimezitoa kadi zote ukutani, nimezitia ndani ya debe la unga, nimelipiga kufuli, na ufunguo wake uko shingoni mwangu. Kesho Kamau ataibeba hiyo kabureta mpaka kwa Rael, na atasema kwa kinywa chake mwenyewe alichofanya. Kisha tutaenda sote watatu kwa chifu, na aseme tena, mbele ya shemeji, barua ilitoka wapi na gari liliachiwa nani. Uajenti wake ataurudisha kwa tajiri akipita.

Je, Rael ataketi kwenye kiti changu tena? Hilo sijui, na ndilo linaloninyima usingizi.

Kukipambazuka Kamau atatangulia. Mimi nitakuwa nyuma na fimbo. Akijifanya amesahau njia, nitamkumbusha.