Mti wa Bunduki ya Karani

Pumwani, Nairobi
9 Februari 1954

Mjomba wangu Kombo,

Shikamoo. Natumai karatasi hii itakukuta mzima na mgongo umepoa. Sisi huku hatujambo. Muhiba anakusalimu sana. Mimba yake inakwenda vizuri, ila hataki hata harufu ya samaki, sijui mtoto gani wa Lamu huyo atakayezaliwa.

Mjomba, nimepata kazi ya ajabu. Bado niko kwa Mistri Gulamali, yule Mhindi mwenye leseni ya kutengeneza bunduki. Amekuja Mzungu mmoja, karani tu, si tajiri, na bega lake liliumia vitani. Anapenda mchezo wa kupiga sahani za chuma zinazotundikwa mbali sana. Mtu hulenga, hufyatua, kisha husubiri kidogo ndipo asikie chuma kikilia. Wenziwe wana bunduki za bei kubwa kutoka Ulaya. Yeye kanunua kuukuu ya jeshi, nzito kama kinu, na anataka tumfanyie iwe nyepesi, bega lake liiweze. Mistri atapunguza chuma. Mti wake, yaani ule ubao mrefu unaobeba mtutu na kuegemea begani, ameniachia mimi, eti watu wa Lamu ndio wenye mikono.

Nimejaribu mvule, ni mzito. Nikiuchimba ndani, unapasuka. Nipe akili.

Jibu mpe Aweys muuza mikeka aniletee, usipeleke posta, maana barua siku hizi hufunguliwa. Hapa ni hali ya hatari, na mtu akikutwa na risasi moja tu hunyongwa. Nikiwa karakana leseni ya Mistri inanilinda, lakini naogopa hivyo hivyo.

Mpwa wako,
Mgeni


Lamu
27 Februari 1954

Mwanangu Mgeni,

Marahaba. Mgongo umepoa, mke wangu ndiye hajapoa, bado ananinunia kwa kuuza mbuzi wake. Mwambie Muhiba asijali, samaki atawapenda tena akishajifungua.

Mvule wa nini, wewe? Nani alikufundisha mvule kwa kitu cha kubebwa? Nakupelekea kwa Aweys gogo la mfenesi lililokaa darini kwangu tangu kabla mama yako hajaolewa. Lichimbe kwa chini, uache mgongo mwembamba katikati, kama tunavyofanya kwenye miguu ya kitanda cha arusi. Litakuwa jepesi na halitapasuka.

Sasa sikiliza. Ukishauchonga, usiuache karakana. Mti uliopunguzwa hivyo hulala penye pumzi za watu. Ulaze uvunguni mwa kitanda chako, uufunike kanga, na kila baada ya alasiri uusugue mafuta kwa kiganja mpaka kiganja kipate moto. Milango yangu yote nimeilaza chumbani, mke wangu akilalamika, na hakuna hata mmoja uliopinda. Ukiuacha kwenye vumbi na upepo utapinda, na huyo karani wako atapiga mawingu.

Mjomba wako,
Kombo


Pumwani
30 Machi 1954

Mjomba,

Shikamoo. Gogo lilifika, na mti umetoka mzuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchonga. Mistri ameunyanyua kwa vidole viwili akacheka. Karani ameuweka begani akafumba macho, nikaona raha yake. Nimekuchorea umbo lake na vipimo upande wa pili wa karatasi hii, upate kuniambia kama mwanafunzi wako amefaulu.

Ila nina hofu, mjomba, na sikufichi. Nilimwomba Mistri niulaze kwangu, akakataa katakata. Wiki haijesha, nikauona umeanza kwenda upande, kama ulivyosema. Nikaukunja ndani ya gunia nikaja nao nyumbani bila kumwambia. Sasa uko uvunguni. Kisahani chake cha chuma cha mwishoni na parafujo zake tayari viko mahali pake, kwa hiyo hata mtoto mdogo akiuona atajua ni mti wa bunduki. Muhiba halali. Gari likipita barabarani anakaa kitandani, mkono tumboni. Majoni, wale askari wa Kizungu, wanapita mitaa hii karibu kila siku.

Niambie niurudishe karakana. Ukiniambia, nitaurudisha siku hiyo hiyo.

Mpwa wako,
Mgeni


Lamu
16 Aprili 1954

Mwanangu,

Marahaba. Huku wote wazima. Mchoro nimeuona, umefaulu, na nimewaonyesha watu barazani mpaka wamenichoka.

Kumbe Nairobi imekufanya mwoga namna hii. Mti hauna risasi, hauna mtutu, ni mti. Umebakiza siku chache tu ukauke sawasawa, nawe unataka kuuharibu kwa sababu mkeo anasikia magari. Wape moyo wote wawili, yeye na aliye tumboni. Uache ulipo mpaka Ramadhani ikaribie, kisha umpelekee Mistri, naye atakubusu mikono.

Mjomba wako,
Kombo


Pumwani
3 Mei 1954

Mjomba,

Shikamoo. Muhiba ni mzima na mimba ni nzima, nakwambia hilo kwanza.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nne, jua halijatoka, askari waliuzunguka mji. Sisi wanaume tulitolewa tukachuchumalishwa uwanjani, mikono kichwani. Mimi sikuwa nafikiria kitu ila uvungu wa kitanda changu. Niliona wanaingia nyumba moja baada ya nyingine na nikajua wakifika kwetu ndiyo basi, mtoto wangu hatanijua.

Muhiba alikuwa peke yake. Alichukua shoka, akaupasua ule mti ukumbini, akaingiza vipande vyote mafigani chini ya sufuria ya maharage. Walipoingia, maharage yalikuwa yanachemka. Mmoja aliuliza mbona moshi unanuka mafuta, akamjibu anapikia mabaki ya useremala wa mumewe. Wakapindua kitanda, wakapasua godoro, wakatoka.

Jioni waliponiachia nikakuta jivu. Nililia, mjomba, kwa furaha na kwa uchungu pamoja.

Nilidhani yamekwisha. Lakini Mistri akautafuta mti, ikanibidi niseme kweli. Leseni inamlazimu aripoti kila kilichopotea, akaripoti. Mpelelezi akaniita. Akasema kila mtu aliyeuza kitu kwa watu wa msituni hudai kimeungua. Amenipa mpaka mwisho wa Mei. Nikiuleta mti, kesi hakuna. Nisipouleta, nitashitakiwa kuwapa adui silaha, na hukumu yake unaijua.

Naogopa sana. Kama yatanifika, mchukue Muhiba akajifungulie Lamu.

Mpwa wako,
Mgeni


Lamu
14 Mei 1954

Mwanangu,

Marahaba, na Ramadhani njema, ingawa sijui kama unapata hata kufuturu.

Ulitaka kuurudisha na mimi ndiye niliyekuzuia. Basi hutaachwa peke yako. Nusu ya lile gogo la mfenesi bado ninayo, na mchoro wako ninao. Nimechonga tangu barua yako ilipofika, na nikimaliza kuandika hapa naupaka mafuta. Umetoka mwepesi kama wako. Nimetia ua dogo ubavuni, mkono wangu umezoea, haukubali kuacha mti mtupu.

Sitampa Aweys. Sitamtia mtoto wa watu katika jambo hili. Nakuja mwenyewe. Naondoka Alhamisi, na Jumamosi jioni nitapanda treni Mombasa. Nitaufunga ndani ya msala wangu, mkeka wa kusalia. Wakiniuliza nitawaambia kweli, kwamba mimi ni fundi wa milango na huu ni mti.

Aweys ameshaondoka, kwa hiyo barua hii naipeleka posta. Nipokee stesheni Jumapili asubuhi.

Mjomba wako,
Kombo


Pumwani
20 Mei 1954

Mjomba mpenzi,

Shikamoo, na alhamdulillahi, tena alhamdulillahi.

Nimeachiwa, hakuna kesi tena. Mistri alikuja nyumbani na yule mpelelezi, akamuuliza Muhiba jivu la siku ile alilimwaga wapi. Mjomba, hakulimwaga. Unawajua wanawake wetu, jivu zuri huwekwa kwenye debe la kusugulia masufuria. Wakalichekecha lote kwa chekeche la unga. Kikatoka kile kisahani cha chuma, kimeungua lakini alama ya karakana inasomeka, na parafujo zake zote. Mpelelezi akaandika kwamba mti uliungua, akafunga jalada. Mistri amenirudisha kazini, ila hasemi nami.

Nimekula futari jana kama mtu aliyefufuka. Sijapata jibu lako la barua ya tarehe tatu, na sasa halina haja. Tulia, ufunge salama. Aweys anakuletea hii.

Mpwa wako,
Mgeni


Pumwani
24 Mei 1954

Mjomba,

Shikamoo, popote ulipo.

Barua yako ya posta imenifikia Jumamosi mchana. Ilikuwa imefunguliwa na kugandishwa tena, gundi bado mbichi.

Jumapili nilikuwa stesheni kabla treni haijaingia. Nilitazama kila behewa. Wewe hukushuka. Akashuka Bi Shamis, muuza udi, mlikuwa behewa moja. Amesema mlipofika Voi askari waliingia wakikuuliza kwa jina lako. Uliwafungulia msala mwenyewe, ukawaeleza habari za mlango na mti kama ulivyosema. Wakatazama lile ua, wakauliza ni alama ya kundi gani. Wakakushusha.

Nimemwendea mpelelezi. Amenijibu jalada langu limefungwa, na mti uliokutwa Voi ni kesi nyingine, maana mti wa karani uliungua na yeye mwenyewe ameliona jivu lake.

Treni ya kushuka pwani inaondoka leo jioni. Muhiba amenifungia tende za kufuturu njiani, akanishika mkono mpaka mlangoni. Nitawaambia Voi kwamba wewe ulichonga kwa amri yangu na hukujua ni kitu gani. Wewe ukiulizwa tena, sema hivyo hivyo.

Barua hii siipeleki posta, nampa Bi Shamis aifikishe kwako Lamu, kwa kuwa sijui wamekuweka wapi. Ukiisoma barua hii, basi wamekuachia, na aliyebaki ni mimi. Mlete Muhiba nyumbani ajifungue. Mimi usinifuate.

Mwanao,
Mgeni