Salamu ya Kocha

Tonton,

Usishangae kuona mwandiko wangu, najua ulizoea kunisikia kuliko kunisoma. Ni mimi Nsimire, mtoto wa dada yako, yule uliyemwita Maman Juu-ya-Nini kwa sababu hakuna zoezi ulilowahi kunipa bila mimi kudai sababu yake. Leo nina maswali mengi, lakini nianze na la fomu. Fomu yenyewe iko hapa mezani, na kesho saa nne asubuhi lazima niirudishe, kabla mwalimu hajapanda boti kuzipeleka fomu zote Goma.

Ni fomu ya mafunzo ya ukocha. Ndiyo, yamefika Bukavu, yale uliyoyasubiri mpaka ukaanza kuyafanyia mzaha. Kuna visanduku viwili. Cha kwanza ni cha kocha wa mtu mmoja mmoja, cha pili ni cha kiongozi wa mazoezi ya kikundi. Unatia alama kwenye kimoja tu, kwa kuwa madarasa yote mawili yanafundishwa saa zilezile, na mwalimu ametuambia wazi kwamba hajui kama mafunzo haya yataletwa tena huku. Nimeshika kalamu tangu mchana. Wewe ungetia alama kwenye kikundi hata kabla ya kuvaa miwani.

Kwanza habari za klabu. Bado tunaanzia Cimpunda saa kumi na mbili asubuhi kila Jumamosi, tunashuka tukiimba, tunapita Nyawera, tunafika Nyalukemba kuliangalia ziwa kidogo, halafu tunapanda kurudi na nyimbo zinaisha zenyewe. Mugisho bado anapiga bidoni lake, lile dumu la maji, na bado anakosea mapigo. Filimbi yako ninayo mimi. Tantine, mke wako, alinivalisha mwenyewe siku tulipomaliza kilio. Ina alama za meno yako, na sijui kama watu wengine hung'ata filimbi hivyo au ni wewe tu.

Mimi sasa ndiye wa mbele. Miaka yote nilikuwa wa pili, nyuma ya mgongo wako, nikihesabu kwa sauti ili wa nyuma wasikie. Mgongo wako naujua kuliko uso wako. Ulikuwa unapaza sauti bila kugeuka: "Kazi ya mutu wa mbele ni kuenda! Kazi ya mutu wa nyuma ni kufwata! Ile ingine ni mazungumuzo!" Na kweli hatukuzungumza, tulifuata. Uliporuka dimbwi tuliruka, hata mahali ambapo dimbwi lilikuwa limekwisha. Siku ile ulipokanyaga ganda la ndizi ukateleza, nusu ya klabu iliteleza kwa hiari.

Na kila Jumamosi tunamaliza kwa salamu yako. Unaikumbuka? Jumamosi mbili kabla hujatutoka, tulipokuwa tunapanda kutoka Nyawera, ulisimama ghafla. Ukainama, mkono mmoja kifuani, mwingine gotini. Mugisho akapiga kelele, "Tumufwate Kocha!" Watu thelathini tukainama, mkono kifuani, mkono gotini, na mimi nikahesabu mpaka nane. Ulipogeuka ukatukuta hivyo, katikati ya barabara, na pikipiki zinapiga honi. Ulicheka mpaka machozi yakakutoka. Halafu ukasema, "Bon! Na mukono ingine sasa!" Tukafanya na upande wa pili.

Baada ya mazishi, watu wenyewe ndio walioiomba. Wakaiita Salamu ya Kocha. Siku hizi watoto wa Cimpunda wanaicheza kwenye vichochoro, na Tantine huja mpaka barabarani na kitenge chake kufanya nasi mara nane kila upande. Ananiambia wiki yake huanzia hapo.

Sasa turudi kwenye kisanduku cha kwanza. Unamkumbuka Maman Mwajuma, mwenye duka la vitenge Nyawera, ambaye babu zake walitoka pwani wakakaa Uvira kabla ya kuja huku? Yule aliyekuwa anatupigia makofi mlangoni mwa duka. Aliniita baada ya kilio chako. Daktari amemwambia magoti yake yanataka mwendo, na yeye akamjibu kwamba hawezi kukimbia barabarani na hijabu yake nyuma ya bidoni la Mugisho. Basi kila Jumanne na Alhamisi naenda kwake Nyalukemba. Tunasogeza meza ya sebuleni, anashika kiti, anakaa, anasimama, anakaa.

Tonton, sikujua kwamba mtu mmoja ana mambo mengi hivyo! Mguu wake wa kushoto hugeukia nje. Goti likimuuma hasemi, lakini bega linapanda. Na kila akiinuka kitini anazuia pumzi. Hili la pumzi limenitia wazimu kabisa. Jumapili, padri aliposema tusimame, niliwaangalia watu badala ya kusimama, na nakuapia nusu ya watu kwenye mabenchi waliinuka bila kupumua. Je, wewe ulikuwa unajua? Na ukijua, mbona hukuniambia, mimi niliyekuuliza kila kitu? Nikatoka kanisani nikijua kwamba nitatia alama kwenye cha kwanza. Nilitaka mtu mmoja mbele yangu na macho yangu yote kwake.

Halafu ikaja Jumatano.

Mwalimu alitukusanya kwenye ukumbi wa shule moja ili tuonje madarasa yote mawili kabla ya kuchagua. Ni mtu mfupi, mpole, anafuta kalamu zake baada ya kuandika. Nilimwuliza maswali kumi na moja, na hakukasirika hata mara moja. Alituambia kwamba kocha wa mtu mmoja huanza kwa kusikiliza: umelala vipi, unakunywa dawa gani, uliwahi kuanguka. Wa kikundi huanza kwa kutengeneza zoezi lenye milango mitatu, ule rahisi, ule wa katikati na ule mgumu, ili kila mtu apate pa kupita na asirudi nyumbani na haya. Nikayapenda yote mawili, ikawa balaa.

Mwishoni akasema kuna jambo moja ambalo wote lazima tulijue, tuchague tusichague. Ni dalili za mtu anayepaswa kusimamishwa papo hapo. Akasema atatuonyesha kwa mwili wake, na sisi tutazame tu. Akapiga hatua mbili, akasimama ghafla. Akainama. Mkono mmoja kifuani, mwingine gotini.

Na mdomo wangu ukahesabu. "Moja, mbili, tatu..." Kwa sauti, Tonton, mbele ya wote. Watu wakageuka. Mwalimu akainuka taratibu akaniuliza nahesabu nini. Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi za shule.

Thelathini. Tulikuwa watu thelathini.

Mwalimu alinifuata baadaye, nikamweleza. Akasema si kila maumivu ya kifua ni moyo, na kwamba yeye si daktari wa kuwasomea waliokwisha kuzikwa. Alisema tu kwamba mtu akiinama hivyo unasimama kwanza, unauliza baadaye. Namshukuru kwa kutonidanganya. Lakini mimi najua ulivyoondoka Jumanne ile asubuhi, chai ikiwa bado jikoni, kabla hata Tantine hajapata teksi. Sihitaji daktari anisomee.

Nina aibu. Na nimekukasirikia pia, sitaficha, maana ulicheka. Ulitugeukia ukaona tunaigiza maumivu yako, na ukatuambia tubadilishe mkono! Nimejiuliza siku mbili hizi kicheko kile kilikuwa cha nini. Ulikuwa umeogopa? Au tulichekesha kweli? Nadhani yote mawili. Ningekuwa mimi, na watu thelathini wazima wakiniinamia hivyo barabarani, labda ningecheka pia.

Lakini kuna jambo ambalo limenipa shida kuliko yote. Siku ileile, baada ya mazoezi, tulikunywa chai mimi na wewe tu, pale kwa mama wa maandazi. Nikakuuliza, "Tonton, ile ya leo ulifanya juu ya nini?" Ukapuliza kikombe chako. "Ya kunyoosha mugongo. Weye naye, unaulizaka mpaka pahali hakuna swali." Nikacheka, nikachukua andazi la pili. Kwa hiyo nilikuwa naye, yule mtu mmoja mbele yangu. Nilikuwa na kisanduku cha kwanza chote, meza nzima, nusu saa nzima. Niliuliza mdomo wako, nao ukajibu kama midomo ya watu wazima inavyojibu. Sikuuliza mkono wako, ambao ulikuwa bado unakanda kifua chini ya koti. Nauona sasa. Siku ile niliuona vilevile na sikuuona.

Jana nilimweleza Maman Mwajuma yote, kwa sababu alikataa kuanza mazoezi mpaka niseme nina nini. Alizungusha kwanza rozari yake ya Kiislamu, ile tasbihi ya kahawia. Halafu akasema, "Mwanangu, ukija peke yako nitakudanganya kila siku. Juzi nilikwambia goti halinisumbui, nawe ukaandika. Niletee rafiki yangu Mama Zaina na wale wenzake wawili. Wale hawanisitiri hata kidogo, watakuambia mpaka chapati nilizokula." Nikacheka na machozi yakanitoka hapohapo. Akanipa ncha ya kitenge kipya nijifute, kile cha kuuza.

Nimelala na maneno yale nikayaamkia. Nafikiri anasema kweli. Mwili wako haukutuficha kitu, Tonton. Ulisema mbele ya watu wote, saa moja asubuhi, kwenye mlima. Kosa letu ni kwamba tulikuwa tumepanga mstari, kila mtu anatazama mgongo wa mwenzake, na mgongo wa mbele kabisa hakuna aliyepewa ruhusa ya kuuuliza kitu. Kikundi kilikuwa na macho ya kutosha. Tuliyafundisha kufuata tu.

Basi nimetia alama. Kisanduku cha pili. Nimeibonyeza kalamu mpaka imetoboa karatasi kidogo, natumaini mwalimu ataipokea. Maman Mwajuma na wenzake watatu watakuwa kikundi changu cha sebuleni, na nitawasikiliza wakisengenyana mbele yangu kwa faida ya magoti yao.

Lakini kabla ya saa nne kuna saa kumi na mbili. Kesho ni Jumamosi. Watafika wote, Mugisho na bidoni lake, na mwishoni watasubiri nipige filimbi kwa ajili ya Salamu ya Kocha. Tantine atakuwa amesimama barabarani na kitenge chake. Sijui nitaanzaje. Mugisho ndiye aliyesema tukufuate, na nikisema vibaya ataubeba mzigo huo maisha yake yote. Nitaanza na mimi, kwamba aliyehesabu mpaka nane ni mimi, mara mbili. Tantine nitakwenda kwake mapema, kabla ya wengine, nimshike mikono nimwambie akiwa amekaa. Labda watanichukia kwa kuwanyang'anya kitu walichobaki nacho chako. Naogopa, Tonton, lakini siwezi kukihesabu tena.

Pale tulipokuwa tunainama, tutafanya duara. Kila mtu amtazame wa mbele yake usoni, amwulize amelalaje, na ajibiwe. Nimeshajaribu kufikiria utakavyosema: "Ile haiko mazoezi, ile iko kikao!" Sema tu. Mimi ndiye mwenye filimbi.

Nakuaga hapa, wino unaisha na Tantine ananiita kula. Nenda polepole, huko sidhani kama kuna milima ya Cimpunda. Nakuahidi jambo moja, na ukiweza kunisikia lishike. Katika klabu yako, siku yoyote mtu akishika kifua, awe wa mbele au wa mwisho, hata akicheka, hakuna atakayehesabu. Tutasimama sote. Nami nitamwuliza juu ya nini, na juu ya nini, na juu ya nini tena, mpaka aniambie kweli.

Wako,
Nsimire