Usiolewe kwa Kutegemea Damu Yangu

Nanjala, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Nakusalimu kutoka huku Kitale, ambako ukungu unaingia nyumbani bila kubisha hodi. Mgongo unauma, mdomo ni mzima, utaona. Mama yako kifua chake vipi? Na kuku wangu hapo Kamukuywa, bado wako au mmewala?

Mahindi yametoa maua. Tangu asubuhi nimekaa mlangoni nikiangalia lile vumbi la njano likielea, letu linaenda kwa jirani, la jirani linakuja kwetu, pole pole. Nikamwona marehemu babu yako katikati ya mistari, na koti lake la kahawia, anatafuna bua. Sikuwa nimelala, macho yalikuwa wazi. Nikamwambia, "Mzee, huyu mjukuu wako amenishinda." Akacheka tu, akaendelea kutembea, na hakuna jani lililotikisika.

Sasa sikiza. Mama yako amenipigia simu. Ati Simiyu, huyo mchumba wako, alikuambia mwenyewe kwamba ana virusi vya UKIMWI, akakuomba mwende kliniki pamoja kabla ya harusi. Na wewe ukamjibu, "Sina haja ya kliniki, nina damu ya kukhu, bibi yangu." Mwanaume mkweli namna hiyo unampata wapi, halafu unamjibu upuzi?

Najua upuzi huo ulitoka wapi. Ni kwangu. Babu yako alipokufa na ugonjwa huo, nilipimwa, nikapimwa tena, sina. Ndugu zake wakasema nimemroga, wakanifukuza kwao Bokoli. Kwa hivyo niliposikia huku ati kuna watu wamezaliwa na damu ngumu, nilijigamba kwa simu mpaka jikoni kwenu wote mkasikia. Nilitaka maneno yafike Bokoli. Kumbe yaliishia kwako.

Jana nilimuuliza muuguzi wa hapa, msichana mdogo lakini hana woga. Akasema askari wa mwilini hawafanani. Tunawarithi kwa wazazi, na huenda wa wengine wanamtambua mdudu haraka. Huenda! Na hata mwenye askari wazuri anaweza kuambukizwa. "Wewe mwenyewe, kukhu, hatujui. Labda ni bahati tu."

Bahati? Nilimgombeza mpaka wagonjwa wakacheka. Yeye akaniuliza, "Mbegu ya duka, ukivuna mahindi yake ukapanda tena, yanatoka vile vile?" Mwaka mmoja nilijaribu: mengine yalipita paa, mengine yakazaa kama kidole. Na wewe umetoka kwangu, kwa babu yako, na kwa watu wa mama yako. Nani anajua uliokota nini?

Sikukatazi kuolewa, nakukataza ujinga. Simiyu akimeza dawa kila siku mpaka kipimo kisione virusi, na abaki hivyo, hatakuambukiza. Na wewe kuna vidonge vya kujikinga. Lakini hayo mwambiwe kliniki, mmekaa wawili, si na bibi kizee kwa barua. Mpaka mwende, mimi sikanyagi harusi hiyo, na mama yako anajua siongei bure.

Msalimie huyo mama yako, mkwe wangu asiyechoka kunisemesha. Simiyu mpe mkono wangu, umwambie ameniheshimu.

Watu waliona nilibaki mzima wakadhani nilishinda. Sikushinda kitu, Nanjala. Kitanda kilibaki kipana. Mshike huyo mkono, mwende.

Ni mimi kukhu wako, bado nimekasirika.