Mvinyo Mkavu kwa Dagaa wa Kukaanga

Shikamoo Shangazi,

Nakusalimu kutoka Tunduma, katika hoteli inayonijaribu kama msimamizi wa vinywaji. Jana, kwenye sherehe ya harusi, meneja akiwa ananitazama, niliwamiminia wazazi wa bibi harusi mvinyo mweupe mkavu wenye mapovu, uliopoa barabara. Mama wa bibi harusi alionja, akakunja uso.

“Mwanangu, sukari imepanda bei hata hotelini?”

Nilimweleza kwa heshima kuwa ukavu huo, yaani kukosa utamu, ni wa makusudi, kisha nikamletea dagaa wa kukaanga, wenye chumvi. Alitafuna, akanywa. Halafu akasogeza glasi.

“Ongeza, kabla mzee wangu hajaimaliza chupa.”

Meneja alicheka, akanikabidhi funguo za stoo ya vinywaji.

Mungu akutunze huko Ruanda, Shangazi. Nikija, wewe kaanga dagaa. Chupa nitabeba mimi.

Mwanao,
Tumaini