Mwandikie Bibi kwa Maneno Yako Mabovu

Nyumbani, nyuma ya kiwanda cha sabuni,
Jumapili mchana.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Pokea salamu zangu nyingi, na kabla sijasema lolote nataka unijibu haya: hujambo? Unalala vya kutosha? Mgongo uliokuwa unakusumbua kwa kuinamia zile mashine za kufulia umetulia? Na yule msimamizi wenu anayefungua milango kwa teke, bado yupo, au mlango mmoja umeshamrudishia? Mimi sijambo, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yanalia kila ninapopanda ngazi za dukani.

Huku wengine wote wazima. Baba yako mdogo, fundi saa, bado anarekebisha saa za watu na yake mwenyewe haiendi. Dada yako Mwalimu amepewa darasa la kwanza mwaka huu, na sauti imemkauka mpaka akiita watu mezani tunadhani ni mlango unalia. Bibi yako kwa mwili ni mzima, anakula kidogo, anatembea mwenyewe mpaka uani. Hayo mengine yake ndiyo yaliyonikalisha hapa kukuandikia, na naomba usome taratibu hadi mwisho.

Unajua jinsi tunavyofanya na barua zako. Unazituma kwenye simu yangu, mimi nazichapa dukani, jioni nakwenda kukaa ukingoni mwa kitanda cha bibi yako na kumsomea. Yeye hazioni, maana mtoto wa jicho amemfunika macho yote mawili, lakini karatasi lazima aishike. Nikimaliza kusoma anaipokea, anaipapasa, anaiweka chini ya mto kana kwamba kuna mtu atakuja kuiba.

Barua zako za zamani zilikuwa vurugu tupu, tusidanganyane. Ulianzia katikati: "Bibi, nimeanguka kwenye ngazi na kikapu cha mashuka ya hospitali juu yangu, usinicheke." Ngazi zipi, ulikuwa unakwenda wapi, hakuna. Halafu neno likikupotea ulilizunguka weee, "kile chuma cha moto cha kunyooshea nguo", na hapo bibi yako alikuwa anapiga godoro kwa kiganja. "Pasi! Mjinga huyu, amesahau pasi!" Nilikuwa naacha kusoma mpaka amalize kucheka na kukujibu, maana alikujibu kama vile umesimama mlangoni. Ukurasa mmoja ulitumalizia jioni nzima.

Kisha ikaja ile ya kwanza iliyonyooka. Nakumbuka ilivyoanza: "Mpendwa Bibi, ninakuandikia nikiwa na moyo uliojaa shukrani kwa upendo wako usio na kikomo." Mimi mwenyewe niliipenda, sikufichi. Nilisema, mtoto amekua. Bibi yako alisikiliza kimya hadi mwisho, akaniomba nirudie. Nilipomaliza mara ya pili akauliza, "Safari hii ameanguka wapi?" Nikamwambia hujaanguka. "Na msimamizi?" Msimamizi hayumo. Akaikunja karatasi, akanirudishia, akageukia ukutani.

Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, zote safi kama shuka lililotoka kwenye hiyo pasi yako. Siku ya hiyo ya tatu hakuningoja nimalize. Alinikamata mkono akasema, "Basi, mwanangu, usijichoshe. Hizi mnaandika nyinyi. Niambie tu amekufa lini."

Nilicheka, Chiriku. Nilidhani anatania, kwa sababu unajua utani wake hauna breki. Hakuwa anatania.

Ukitaka kujua alikolitoa wazo hilo, mkumbuke kaka yake, babu yako aliyekuwa mpishi wa melini. Alipofariki huko ughaibuni, bibi yako mwenyewe alikuwa amelazwa, hali mbaya, na wakubwa wa ukoo wakakubaliana asiambiwe mpaka apate nguvu. Kila aliyekwenda kumtazama alimpelekea salamu: kaka yako anakusalimu, anakuombea usiku na mchana. Sasa ndiyo ananiambia kwamba alijua tangu wiki ya kwanza, ila alinyamaza ili asituaibishe. Kaka yake hakuwahi kumwombea mtu maishani mwake. Alikuwa akituma matusi, na matusi yakikatika, basi kuna jambo. "Salamu zilikuwa nzuri hivi hivi," aliniambia. "Nzuri, laini, hazina pa kushika."

Utaniuliza mbona hatukukupigia. Tulikupigia, ile Jumamosi uliyokuwa na mafua. Simu sikioni mwake ni kama redio isiyoshika stesheni, tangu zamani, na wewe kwa kuogopa kukosea ulikuwa unasema neno moja moja kwa adabu kama unatoa ushahidi mahakamani. Alinirudishia simu akasema kasikia mvumo, na mvumo hata feni inatoa. Ya video usiniambie, atakuona kwa macho gani?

Na macho hayo ndiyo shida yenyewe. Daktari wa macho amempa nafasi ya upasuaji mwisho wa mwezi huu. Ni kazi ndogo, kasema, lakini nafasi ikipita anarudi nyuma ya foleni, na kadiri mtoto wa jicho anavyokomaa ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Bibi yako kakataa. Daktari alimbembeleza, mimi nikamkaripia, fundi saa akamlilia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake. Jibu ni moja tu: "Nikifunguliwa macho nitaanza kumtafuta. Niacheni na giza langu."

Sasa nije kwako. Ulipomwambia dada yako kwamba barua unaandikiwa na akili mnemba, na kwamba unafanya hivyo kwa kuwa Kiswahili chako kimeharibika na unaona haya, nilisikitika, lakini nilikuelewa. Kushinda kutwa nzima na lugha ya watu, ukirudi chumbani unajikuta hata ndoto zako huzielewi. Kuona haya si kosa. Na usije ukadhani shangazi yako ni wa zamani, anaogopa kompyuta. Mimi nakula kwa kompyuta.

Pale dukani, ninapochapa barua za watu, hiyo akili mnemba naitumia kila siku, na nimeibatiza jina, naiita Karani. Haiendi kunywa chai, haina shemeji wa kuzika kila Ijumaa. Mwanzoni nilikuwa mvivu nayo. Mtu anakuja anataka barua ya kuomba kazi, namwuliza kazi gani, naiambia Karani, barua imetoka hata kabla mteja hajavuta kiti. Tulikuwa tunafurahi wote, mpaka kiwanda cha sare kilipotangaza nafasi na mafundi cherehani wa mtaa mzima wakaja kwangu. Wote waliondoka na "mwenye ari, weledi na uwezo wa kufanya kazi chini ya shinikizo". Ofisa wa kiwanda akazirudisha zote kwa mkupuo, akauliza kama huyu mwombaji ni mmoja mwenye majina mengi. Niliona aibu mpaka nikafunga duka mapema.

Tangu hapo nimebadili utaratibu. Kwanza mteja anakaa, ananieleza kwa mdomo wake, mimi nachapa anavyosema, na makosa yake, na kigugumizi chake. Baada ya hapo ndipo naikabidhi Karani, na naiambia panga, sahihisha herufi, usiongeze kitu. Bado inaongeza. Ina tabia ya kupaka kila kitu mafuta. Basi namsomea mteja, na akikunja uso tu, najua hapo si yeye, nafuta. Fundi mmoja alisema kwamba akishona mfuko wa suruali, suruali itachakaa mfuko ubaki. Karani iligeuza ikawa "ubora wa kudumu". Mama wa watu akaniuliza, ubora wa kudumu ndiyo nini? Tukarudisha mfuko wake. Kazi alipata, ingawa sijui kama ni kwa barua au kwa mikono yake.

Hata hii unayosoma Karani imeipitia. Iliniambia nimerefusha mno habari za ugomvi wa majirani juu ya bomba, na ilisema kweli, nimezitoa zote, utazisikia siku nyingine. Iliniambia pia pale niliposema bibi yako kakataa niandike "anapitia changamoto ya kukubali matibabu". Hapo tuliachana.

Lakini kuna jambo limenitia hofu kuliko hayo, na nilikuwa sitaki kulisema. Wiki iliyopita dada yako alipata wazo, na alilipata kwa huruma. Kasema, barua za zamani za Chiriku tunazo zote kwenye simu, tuipe Karani izisome, iandike mpya kama yeye, tumsomee bibi akubali kwenda hospitali. Tukafanya. Mwanangu, ilikuwa wewe! Ilianzia katikati. Ulikuwa umeanguka, safari hii ndani ya kapu la nguo chafu, msimamizi akakufunika na kifuniko bila kujua. Ulikuwa umesahau neno "ufagio". "Usinicheke" zilikuwepo, kila moja mahali pake. Tulicheka mimi na dada yako mpaka tukashikana mabega.

Niliichapa, nikaenda nayo chumbani. Bibi yako aliisikia karatasi kabla hajanisikia mimi. Akainuka, akakaa, akauliza kwa sauti ndogo sana, "Ameandika?"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Kisha nikamwona babu yako mpishi wa melini, amelala kaburini na huku anatuma salamu kila wiki. Nikawaza, nikisoma hii atacheka, atapiga godoro, atakwenda kwa daktari, na kuanzia leo hatutakuhitaji tena. Ukichoka kuandika, tutakuandikia. Ukigombana nasi, barua zitaendelea kuja na utani wake. Na siku likikupata la kukupata, Mungu apishe mbali, wewe utaendelea kuanguka kwenye ngazi miaka na miaka na sisi tunacheka. Niliikunja karatasi. Nikamwambia, "Hapana, mama, ni karatasi za dukani." Akalala tena. Niliichana jikoni, na dada yako naye akafuta ya kwenye simu, ingawa alinuna siku mbili.

Kwa hiyo nakuomba uandike wewe. Usiitupe hiyo programu, itakufaa kwa ofisa wa uhamiaji na kwa mwenye nyumba, wao hawahitaji kukujua. Ukitaka, iulize hata maneno yaliyokupotea ukimwandikia mtu mwingine. Bibi yako mwachie maneno yake. Wewe ulidhani mapengo yako yanamchosha, kumbe ndimo alimokuwa anaingilia na kukaa nawe. Zile barua zilizonyooka hazikumwachia hata pa kuweka mguu.

Andika umekula nini, nani kakuudhi, kiatu gani kimetoboka. Neno likigoma, lizunguke kama zamani. Changanya na hiyo lugha ya huko kama huna namna, nitahangaika nayo mimi. Kama umelia, sema umelia, maana katika zile barua nzuri sikuona hata siku moja umechoka, na mtu anayefua mashuka ya wagonjwa kutwa nzima asichoke ni wa kuogopwa. Iwe fupi, iwe mbovu, ila ifike kabla ya mwisho wa mwezi. Nakuomba kama mama yako, na nina haki hiyo.

Fundi saa anakusalimu na anauliza kama saa aliyokupa inakwenda, ukimjibu haiendi usishangae akilia tena. Dada yako Mwalimu anakusalimu kwa sauti iliyobaki. Majirani wa pande zote mbili za bomba wanakusalimu, kila upande kwa wakati wake.

Bibi yako hajakusalimu. Ni bora ulisikie kwangu. Nilipokuwa naandika hapa nilimwuliza nikuwekee neno gani kutoka kwake. Akauliza, unamwandikia nani? Nikamwambia, namwandikia Chiriku. Akautafuta mkono wangu, akaushika kwa mikono yake yote miwili na kunipapasa polepole. "Pole, binti yangu," akasema. "Mimi msiba nimeshaukubali. Sasa nawe jitahidi."

Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na akufungue kinywa.

Wako akupendaye daima,
Shangazi