Noti Niliyoinyoosha

Jumamosi, Pasiansi. Mvua imeanza saa nne asubuhi, na sasa ni saa kumi jioni bado haijakata. Nikitazama dirishani silioni ziwa, naona weupe tu. Sijala tangu jana. Naandika hapa kwa sababu mtu niliyezoea kumwambia mambo yangu ndiye huyu ninayeandika habari zake.

Eliza amepiga simu leo.

Ni mke wangu. Ana miezi mitano yuko kwao Sengerema, ng'ambo ya ziwa, kwa mama yake. Wazee hawajakaa, karatasi za talaka hazijaandikwa. Siku moja alifunga sanduku, akasema anakwenda kupumzika, nami sikumuuliza anapumzika kutokana na nini.

Leo niliona jina lake kwenye simu. Nikajua anarudi.

"Shija, habari za huko? Samahani kwa usumbufu. Naomba ule wimbo wa baba. Kwaya ya huku inataka kuuimba kesho na mimi ndiye nitakayepiga kinanda. Nimesahau baadhi ya sehemu."

Nikamwambia namtumia sasa hivi.

"Nitumie nilivyoupiga mimi," akasema. "Siyo ulivyoutengeneza wewe."

Akakata.

Kazi yangu ni kutengeneza muziki. Nina chumba kimoja nyuma ya nyumba, spika mbili, kompyuta na kibodi ya Eliza, ambayo hakuichukua. Huo wimbo aliutunga miaka miwili iliyopita, baada ya baba yake kufariki. Mzee alikuwa mwimbishaji wa kanisani kwao. Eliza aliupiga wote kwa mkupuo mmoja, macho ameyafumba, mimi nikirekodi.

Kwa wasioijua kazi hii: kibodi ile hairekodi sauti. Inarekodi maagizo, yaani MIDI: kidole kimebonyeza wapi, kwa nguvu gani, kimeachia lini. Maagizo hayo lazima uyaelekeze kwenye ala iliyomo ndani ya kompyuta, iwe piano au filimbi, ndiyo iyatoe kama sauti. Usipoyaelekeza, unaona noti zinapita kwenye kioo huku chumba kiko kimya.

Ndivyo ilivyokuwa leo. Kompyuta ni mpya, na piano ya zamani haimo. Nikaweka nyingine. Kimya. Nikakumbuka kwamba piano haijaambiwa isikilize wapi. Nikafungua orodha ya njia za kupitishia maagizo, na kwa haraka nikachagua zote.

Wimbo ukalia. Kwa mistari miwili ulikwenda vizuri. Kisha mwisho wa ubeti nikasikia noti mbili zinagombana, moja pembeni ya nyingine, kama watu wawili wanaotaka kupita mlango mmoja.

Nilijua palepale ni nini.

Kati ya kibodi na piano niliwahi kuweka plagini, yaani programu ndogo, ya kunyoosha noti. Ukibonyeza noti isiyo ya ngazi ya wimbo, inaisogeza hadi kwenye noti jirani iliyo sahihi. Sasa piano ilikuwa inapokea njia zote mbili kwa pamoja, ya Eliza na ya plagini. Karibu kote walikubaliana. Pale tu walipishana.

Nikaifunga njia ya plagini. Nikabaki na vidole vya mke wangu peke yake.

Noti ile inashuka kidogo chini ya pale sikio linapoitarajia. Nilipoisikia mara ya kwanza niliiita kosa. Leo nimeitazama kwenye kioo. Ipo mwisho wa ubeti wa kwanza. Ipo wa pili. Ipo wa tatu na wa nne, mahali palepale, kwa nguvu ileile ya kidole.

Mtu hakosei hivyo.

Na alikwishaniambia. Siku wanakwaya walipokuja kusikiliza, wimbo ukiwa umenyooshwa tayari, Eliza alisema taratibu, "Shija, pale sikukosea." Nami nikacheka. Nikawaambia wageni, "Vidole vya shemeji yenu vinahitaji msaada wa kompyuta." Wakacheka wote. Yeye akainuka kwenda kuleta chai.

Naandika sentensi hiyo na aibu inanipanda usoni, kama vile wageni bado wamekaa hapa.

Nimemtumia wimbo bila plagini. Nikasubiri. Baada ya nusu saa nikapiga, akapokea mama yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mwenzio yuko hapa, analia. Anarudiarudia sehemu moja tu. Haya, ongea naye."

Nikasikia simu ikikabidhiwa.

"Nimeusikia, Eliza," nikasema. "Ile noti. Hukukosea."

"Umejua lini?"

"Leo."

Nilisikia mvua ya kwao ikipiga bati.

"Baba alikuwa anashusha sauti pale," akasema. "Kila mwisho wa ubeti. Alitoka nayo kwenye nyimbo za kulima, hata kanisani hakuiacha. Ungeuliza tu, Shija. Siku ile ungeuliza tu, ningekuambia."

"Nisamehe."

"Nimesikia."

Nikakusanya nguvu zote nilizobaki nazo. "Kesho nivuke nije? Nikae nyuma tu, nisikilize."

"Hapana. Kesho usije." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo limenimaliza. "Nataka niupige mara moja tu bila kukutazama usoni kuona kama nimekosea."

Akaniaga vizuri, akanitakia jioni njema kama unavyomtakia jirani.

Miaka sita tumekaa nyumba moja. Alipopiga kinanda nilikuwa natazama kioo cha kompyuta. Alipopika, aliposoma neno mbele ya watu, aliponisimulia siku yake, daima nilikuwa na la kurekebisha, nami nikaona huko ndiko kusaidia.

Sikuwahi kujua kwamba alikuwa ananitazama usoni.

Kesho Jumapili. Kwao ibada inaanza saa tatu. Sitavuka.